Rafu ya Msamvu: shajara ya kusaka hadithi za watunzi wanaojichapishia

Jumamosi, 4 Januari 2025

Daftari limefunguliwa leo. Ni kaunta buku ya kwaya tatu, nimeichora safu kwa rula: namba, jina la hadithi, mtunzi, mwaka, aina, urefu, nilipoipata, imeisha au haijaisha, mtunzi anapatikanaje. Kazi yenyewe ni kutafuta hadithi za Kiswahili ambazo watunzi wamezitoa wenyewe bila mchapishaji, kuzisoma mpaka mwisho, kuziandika humu, na kuweka nakala ya kila moja, kwa ruhusa ya mwenyewe, kwenye rafu hapa dukani. Atakayependa kusoma aje akae, benchi lipo.

Duka ni steshenari, karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro. Tunachapa barua, tunatoa kopi, tunajazia watu fomu za mtandaoni. Mwaka wa kumi na moja huu nipo nyuma ya kompyuta hii, na katika muda huo watu wasiopungua ishirini wameniletea hadithi zao niwachapie. Mmoja alikuja na madaftari manne ya shule yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Niliwachapia, nikawapigia pini, wakaondoka na nakala hamsini, wengine mia. Mwezi uliopita mteja aliniuliza, "Dada, hivi siku hizi watu bado wanatunga hadithi za Kiswahili?" Nilinyanyuka kwenda kumwonyesha, nikakuta sina hata nakala moja. Ishirini zimepita mikononi mwangu na sikubakiza kitu. Jambo hilo limeninyima usingizi siku kadhaa.

Masharti nimejiwekea machache. Iwe hadithi ya kubuni, kwa Kiswahili, mtunzi awe ameitoa kwa nguvu zake, iwe ya mwaka 2000 kuja huku. Aina yoyote, iwe mapenzi, upelelezi au majini. Haiingii daftarini kabla mmoja wetu hajaisoma yote. "Wetu" ni mimi, kijana wangu wa dukani, na mwalimu mmoja wa Kiswahili wa sekondari ambaye amekubali kusoma jioni. Katika shajara hii nitazitaja hadithi kwa namba zake tu. Majina yako daftarini, na hayatoki mpaka wenyewe waseme ndiyo.

Jumamosi, 11 Januari

Nimeanzia hapa hapa nyumbani, stendi. Upande yanakotokea mabasi ya Iringa na Mbeya kuna kaka ambaye hutandika turubai lake kila asubuhi. Mbele anapanga vitabu vya dini na vya mafanikio, katikati mitihani iliyopita, nyuma kamusi. Nilipomuuliza hadithi aliinua rundo la kamusi, akatoa mfuko wa rambo.

"Hizi hapa, dada. Zinakwenda kwa wasafiri wa mbali tu. Wa Dar wamepungua tangu treni ya umeme ianze mwaka jana, na wakija hawana muda wa kitabu."

Mlikuwa na vijitabu kumi na saba. Nilichuchumaa nikavipitia kimoja kimoja, nikanunua saba kwa shilingi elfu tisa.

Na. 3 imenikamata. Upelelezi, kurasa 96, pini mbili zimeshika kutu na kuacha alama ya kahawia mpaka ukurasa wa kumi. Kava la rangi mbili, mzani mkubwa na kivuli cha mtu. Hakina mwaka, hakina jina la mtambo uliokichapa, kuna namba ya simu tu inayoanza na 0744. Anayepeleleza humo si polisi. Ni karani wa mizani kwenye ghala la tumbaku, mtu wa kuandika kilo kuanzia asubuhi hadi jioni. Mlinzi wa usiku ametoweka. Siku tatu baadaye karani anajumlisha daftari lake na kuona marobota yale yale ya jana yamezidi kilo 68. Anarudia hesabu mara mbili, kisha anakumbuka mlinzi alikuwa mwembamba. Mtunzi hasemi zaidi ya hapo. Anamwacha karani aifunge kalamu yake taratibu, na sisi wasomaji tunaijua habari kabla hajainuka kwenye kiti.

Upelelezi wa Kiswahili una nasaba ndefu. Muhammed Said Abdulla alimleta mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake mwaka 1960, na baada yake kikaja kizazi kizima cha wapelelezi na majasusi wa Dar. Na kujichapishia hakukuanza na simu za mkononi: mtunzi Ben Mtobwa alianzisha kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji, Heko. Lakini mpelelezi anayefumbua kifo kwa kujumlisha kilo sijawahi kukutana naye.

Kitabu kinaisha karani akisukuma mlango wa stoo na kuona mgongo wa mtu anayemfahamu. Chini yake, kwa herufi kubwa: ITAENDELEA KITABU CHA PILI.

Jumapili, 19 Januari

Kitabu cha pili hakipo. Nimeuliza wauzaji wote wa stendi, wa sokoni, na rafiki yangu amezunguka Dar, Posta mpaka Kariakoo. Namba ya 0744 nimeipiga mara nne, haipo. Kwenye safu ya mtunzi nimeandika "hapatikani" kwa penseli.

Jumapili, 2 Februari

Karatasi ni sehemu ndogo ya kazi hii. Nimeingia kwenye magrupu tisa ya simulizi ya WhatsApp, na huku ndiko walikohamia watunzi wengi. Nieleze yanavyokwenda, maana nimekutana na wasomaji wazuri wa vitabu wasioyajua kabisa.

Mtunzi hutuma sehemu moja kila jioni, mara nyingi saa tatu, watu wakishakula. Kila sehemu ina kichwa chake kwa herufi nzito, halafu ILIPOISHIA, mistari mitano ya jana, halafu SASA ENDELEA. Sehemu kumi za mwanzo ni bure. Ukifika ya kumi na moja unatuma elfu mbili kwa namba ya mtunzi, unamtumia ujumbe wa muamala, anakuingiza kwenye grupu la waliolipia. Akichelewa siku mbili, wasomaji wanalalamika ametuachia arosto, yaani kiu ya kujua kinachofuata. Nimewaona watu wazima, wafanyakazi wa ofisini, wakimwandikia mtunzi saa sita za usiku: tafadhali dada, japo mistari miwili.

Niliposoma maombi yale nilifurahi kweli. Tunaambiwa kila siku kwamba watu hawasomi.

Shida ni kwamba haya yote yanakaa ndani ya simu. Simu ikiibiwa, grupu likifungwa, hadithi ya sehemu mia imekwenda. Na hakuna anayeweza kuingia grupu asilojua kama lipo. Mimi nimeingia haya tisa kwa kuelekezwa na mtu mmoja hadi mwingine: dada wa saluni, kondakta, muuguzi wa zahanati. Kila mmoja anajua magrupu mawili.

Jumamosi, 22 Februari

Na. 11, mapenzi, sehemu 94. Nimelipia, nimeomba ruhusa, mtunzi amekubali niichape nzima kwa ajili ya rafu. Nilipoitoa simu na kuiweka kwenye kompyuta nikaondoa ILIPOISHIA zote 93, ikabaki kurasa 210 za A5.

Ikisomwa mfululizo inakuwa kitu kingine. Kwenye simu kila sehemu ilimalizikia kwenye jambo la kushtua: mlango umegongwa, simu imeita, damu zinatoka. Kwenye karatasi milango inagongwa mara kumi na saba, na mwalimu amechoka nayo. Lakini chini ya hiyo milango kuna simulizi ya mwanamke aliyeachwa na mume, anayeuza maandazi shuleni anakosoma mtoto wa mke mwenzie, na kila asubuhi anampa yule mtoto andazi moja la ziada bila kusema neno. Mtunzi hakulifafanua jambo hilo hata mara moja katika sehemu 94. Ni sehemu ya 88 ndipo mtoto anauliza. Nilimpigia mtunzi kumwambia hilo ndilo lililonishika. Alinyamaza kidogo, akasema wasomaji wa grupu hawakuwahi kulitaja, alidhani halikuonekana.

Nimemshauri apunguze milango. Anaifanyia kazi.

Jumamosi, 8 Machi

Wiki hii yote imeliwa na hadithi moja ya kutisha, na naona fahari kuandika habari zake.

Na. 19. Familia inanunua cherehani kuukuu kwenye mnada. Usiku inashona yenyewe. Asubuhi wanakuta sanda imekamilika, imepimwa sawasawa na urefu wa mmoja wao. Hakuna jini anayejitokeza, hakuna damu. Kuna mama anayeamka alfajiri, anaikunjua sanda sebuleni na kuwaita watoto mmoja mmoja wasimame kando yake. Kijana wangu wa dukani alisoma ukurasa huo, akaenda kukaa nje kwenye jua.

Tuliipata mara tatu. Ya kwanza kwenye grupu, mtunzi jina la kike. Ya pili ni sauti, msimulizi anaisoma kwenye YouTube, na maelezo yanasema "mtunzi hajulikani". Ya tatu ni kijitabu kutoka Kariakoo, jina la mwanamume kavani na picha yake nyuma. Maneno ni yale yale. Nani mwenyewe?

Mwalimu ndiye aliyegundua njia. Alizipanga mezani akazisoma sambamba, na kuona kwamba zote tatu zina pengo mahali pamoja. Ya grupu inaruka kutoka sehemu ya 22 kwenda ya 24. Msimulizi wa YouTube anaruka vilevile bila kusema. Kijitabu kimejitahidi kuficha, ya 24 kimeiita ya 23, lakini kwenye ukurasa wa 71 mama anasema "tangu mjomba alipoikimbia nyumba hii", na hakuna mahali popote kitabuni mjomba anakimbia. Maana yake zote tatu zimenakiliwa kutoka nakala moja iliyopungua. Hata lile grupu, aliyetuma si mtunzi, ni mtu aliyejiita hivyo.

Kwa hiyo mwenye sehemu ya 23 ndiye mwenye hadithi. Nimeandika kwenye magrupu yote: nani anayo sehemu ambayo mjomba anakimbia?

Jumapili, 16 Machi

Amepatikana. Ni fundi cherehani wa Tanga. Ujumbe wangu ulimfikia kupitia mteja wake aliyeletewa na shemeji yake. Aliandika: "Dada, shikamoo. Hiyo sehemu ninayo. Mwaka ule wa 2017 siku hiyo nilikuwa njiani nakwenda msibani, sikuweza kuandika, nikaisoma kwa sauti nikaituma."

Ndiyo sababu ya pengo. Sehemu arobaini ziliandikwa, moja ilisemwa, na walionakili walibeba maandishi tu. Amenitumia sauti ile ile ya 2017, dakika sita, honi za basi zinasikika nyuma yake, na picha ya daftari lenye mpangilio wa hadithi nzima, kalamu ya bluu na chaki ya fundi imepitia pembeni.

Nilimuuliza anataka tufanye nini. Hadithi ni mali yake tangu alipoiandika, Sheria ya Hakimiliki Na. 7 ya mwaka 1999 inamlinda. Alisema hataki ugomvi na mtu, anataka jina lake tu. Mwenye kijitabu cha Kariakoo nimempigia, akanijibu kwa adabu kwamba aliikuta kwenye grupu haina mwenyewe. Ameahidi nakala zilizobaki atazibandika jina sahihi. Nitafuatilia.

Sehemu ya 23 nimeichapa kutoka kwenye sauti, neno kwa neno. Sasa rafu ya Msamvu ndiyo mahali pekee ninapopajua ambapo Na. 19 ipo nzima.

Jumamosi, 5 Aprili

Idi imepita, mvua za masika zimeshika, wateja wachache. Nimekwenda maktaba ya mkoa na orodha yangu, hadithi 38 hadi leo. Mama wa maktaba alinipokea vizuri na kunifundisha jambo nililokuwa nalitazama kila siku bila kulisoma: ISBN, namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu.

Hapa kwetu inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Kwenye vitabu vya kuanzia 2007 ina tarakimu 13, vya kabla ya hapo 10, kwa hiyo hata kitabu kisichokuwa na mwaka kinakupa dokezo. Baada ya 978, ukiona 9976 au 9987 hicho ni cha Tanzania, 9966 ni cha Kenya. Vijitabu viwili nilivyodhani ni vya Arusha kumbe vimetoka Kenya, na nilipovirudia nikaona wahusika wanapanda matatu tangu ukurasa wa pili.

Alinionyesha pia namna ya kuijaribu namba. Unachukua tarakimu zote 13, ya kwanza unaizidisha kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, hivyo hivyo mpaka mwisho, unajumlisha. Jibu lazima ligawanyike kwa 10. Katika 38 zangu, sita tu zina ISBN, na moja ilitoa 97. Namba hiyo imetungwa kama hadithi yenyewe, na nahisi mtunzi aliiweka ili kitabu chake kionekane kitabu. Nimemwandikia nikamweleza jinsi ya kuomba ya kweli. Hizo 32 nyingine, kwa maktaba yoyote duniani, hazijazaliwa.

Jumapili, 13 Aprili

Siku ya kuzaliwa Mwalimu Nyerere. Ni tarehe hiyo hiyo, mwaka 2023, zilipotolewa kwa mara ya kwanza tuzo za uandishi bunifu zenye jina lake. Nimebandika ukutani, juu ya rafu, maelezo yake pamoja na ya tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014, kwa sababu watunzi wawili kati ya waliokuja mwezi huu hawakuwahi kusikia hata moja.

Jumapili, 27 Aprili

Safu ya "bunilizi ya kisayansi", yaani hadithi za kubuni zinazojengwa juu ya sayansi, ilikuwa tupu miezi mitatu. Niliwahi kupata mbili, zote niliziacha njiani: wahusika wanaitwa majina ya Kimarekani, chombo kinaruka kutoka mji usiotajwa, na kila kifaa kina jina la Kiingereza lililoachwa kama lilivyo.

Juzi mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine alikuja kutoa kopi za ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo. Akaona rafu, akasimama, akauliza kama tunapokea pia zisizokuwa na kava. Jana kaleta kurasa 58.

Na. 44. Mwaka 2090, milima ya Uluguru. Mto Ruvu umepungua na Dar es Salaam ina kiu. Kampuni imetandaza nyavu za ukungu kwenye vilele na inauza maji yanayochuruzika. Kila kijiji kinalipwa kodi ya wingu kulingana na ukungu uliopita juu ya ardhi yake, na anayesoma vipimo anaitwa mpima ukungu. Cheo hicho, kama ardhi ya Waluguru, kinarithiwa upande wa mama. Kampuni haijui hivyo, inamlipa mjomba asiyehusika, na bibi mwenye vipimo halisi anaviweka kichwani na kukataa kuvitoa.

Nimesoma mara mbili. Huyu kijana amepanda milima hiyo, anajua ukungu wa asubuhi unavyoingia nyumbani na kulowesha unga. Sayansi yake haikuhitaji kuagizwa kutoka mbali, imeota hapo hapo. Na maneno! Nyavu za ukungu, kodi ya wingu, mpima ukungu: hakuna lililonilazimisha kusimama na kutafsiri kichwani. Kwangu mimi hii ndiyo hadithi bora kuliko zote daftarini hadi leo. Mwalimu anabisha, yeye anashikilia cherehani.

Ina kasoro: kurasa kumi za mwisho zimekimbizwa, kampuni inaondoka kama mgeni aliyesahau mwavuli. Nimemwambia wazi. Amesema mitihani ilikuwa karibu. Ataziandika upya likizo.

Jumamosi, 10 Mei

Haraka haraka, kazi ni nyingi. Za kijasusi nne, zote zinafanana, moja tu (Na. 47) ina mandhari ya kueleweka, Kigoma na ziwa lake. Za watoto mbili, michoro mizuri. Kitabu cha katuni kimoja, hakijaisha. Magrupu mawili yamefungwa na hadithi tatu nilizokuwa nikifuatilia zimepotea nayo, nimeziandika kwa wino mwekundu ukurasa wa nyuma.

Jumamosi, 24 Mei

Mzee mmoja wa Tanga, jirani wa yule fundi cherehani, ametuma kijitabu kwa basi. Ni utenzi, beti 412. Jahazi linatoka Pemba usiku na karafuu za magendo kwenda Mombasa, nahodha ana mkwewe chomboni na hamwamini. Mizani nane kila kipande, vipande vitatu vina vina vyao, cha nne kinarudi kwenye kina kile kile tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Hayo ndiyo tuliyosoma shuleni, lakini kwenye tenzi za shuleni sikuwahi kungoja kwa wasiwasi kujua kama boti ya doria itageuka.

Niliusoma kwa sauti dukani, kama mzee alivyoelekeza kwa barua. Mama aliyekuja kutoa kopi ya cheti aliketi benchini mpaka ubeti wa mia na kitu. Safu ya aina imenishinda, mwishowe nimeandika "utenzi, na hadithi ya kusisimua" na kuvusha mstari.

Jumamosi, 7 Juni

Mzee mstaafu, fundi wa zamani wa simu, alikuja kutoa kopi ya kadi yake ya pensheni. Wakati mashine inapasha joto alichukua Na. 3 kwenye rafu, akatazama nyuma ya kava.

"Hii namba ni ya Vodacom ya zamani. Sifuri saba nne nne zilibadilishwa zote, zikawa sifuri saba tano nne. Tarakimu zilizobaki zilibaki vile vile."

Miezi mitano nimekuwa nikiipiga ilivyo. Nikabadilisha tarakimu moja, nikapiga mzee akiwa amesimama pale pale. Ikaita. Akapokea mwanamke.

Nilimweleza mimi ni nani na nina kitabu gani mkononi. Akaniuliza kina kava la rangi gani. Nikamwambia. Akasema, "Huyo ni baba. Alifariki mwaka 2009. Simu yake nimeishika mimi mpaka leo." Vodacom ilianza huduma nchini mwaka 2000, kwa hiyo kitabu ni cha baada ya hapo. Binti anakumbuka kilitoka yeye akiwa darasa la sita, 2002, nakala mia tatu, na baba yake alizisambaza kwa baiskeli.

Sikutaka kuuliza la kitabu cha pili siku hiyo. Aliuliza yeye: "Cha pili unacho?" Nikamjibu hapana. Akasema kipo, kimeandikwa kwa mkono, hakikupata pesa ya kuchapwa.

Jumamosi, 21 Juni

Kifurushi kimefika na basi la Iringa saa nane mchana. Kaunta buku ya kwaya tatu, sawa na hili ninaloandikia, jalada limefungwa kwa nailoni. Kurasa 183, mwandiko wa karani, umelala kulia, umenyooka kama umepimwa. Makosa amekata kwa mstari mmoja, akaandika sahihi juu yake na kuweka saini ndogo pembeni, kama wanavyofanya kwenye vitabu vya hesabu. Ukurasa wa mwisho, nimeufunua kwa makusudi kutazama neno moja tu, una MWISHO na tarehe.

Tumeandikiana, mimi na binti. Haki zote ni za familia, mimi nachapa bila malipo, nakala za mwanzo zinakwenda kwao, moja inabaki kwenye rafu, na watoto wake wakiamua kuuza ni uamuzi wao. Nimefuta "hapatikani" iliyokuwa kwa penseli na kuandika jina la mzee kwa wino.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, na Siku ya Kiswahili Duniani. Duka nimelifunga mchana nichape bila kukatizwa. Rafu ina hadithi 61, 52 kati yake zimeisha. Fundi wa Tanga amenitumia picha ya kijitabu cha Kariakoo chenye karatasi nyeupe iliyobandikwa kavani na jina lake juu yake. Imebandikwa upande, lakini ipo.

Kitabu cha pili nimefika ukurasa wa 61. Hakianzii pale mlangoni tulipoachwa. Kinaanzia asubuhi ya siku ile, kwa macho ya mtu ambaye karani atauona mgongo wake jioni, na mzee anatuchukua polepole saa kwa saa kuelekea stoo bila kulitaja jina. Nachapa kwa mpangilio, sirukii mbele. Sharti ni lile lile la Januari.

Binti hajawahi kukisoma. Anasema kila alipofungua aliuona mwandiko na kufunga. Ameomba nikimaliza nisimwambie kwenye simu ni nani, atapanda basi aje asome mwenyewe hapa benchini. Kuhusu kava, amenitumia picha pekee waliyo nayo ya baba yake kazini: ghala, marobota yamepangwa mpaka darini, naye amesimama kando ya mzani, kalamu iko sikioni.